Rangi ya Mlango wa Leokadia

Jumamosi ile ya usafi watu wa mtaa wa Mfumbi walitoka majumbani na majembe, mafagio na midomo yao, kwa sababu kulikuwa na rangi ya kufuata. Ilikuwa kahawia, imeonekana tangu katikati ya wiki pale mfereji mkubwa unapoingia mto Lusungo, na kila mmoja alikuwa ameshampangia jirani yake kosa. Mbele alitangulia mwenyekiti wa mtaa, Oresta Nyagawa, mwanamke mnene wa hamsini na ushei, kanga kiunoni na buti za mpira miguuni. Nyuma yake alifuata Lutufyo, afisa mazingira wa Jiji, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda kuposa.

Kufuata rangi hakutaki shule. Kingo za kila mfereji katika Jiji la Lusungo zimepandwa kuvumwani, ule mmea wa kutambaa unaoota kwenye mawe na magome ya miti, ila huu wa Lusungo umetoka maabara. Vinasaba vyake vimechezewa ili uonje kila kinachopita na kukisema kwa rangi. Maji safi huuacha kijani. Mafuta na sabuni huutia njano, tindikali ya betri huutia kahawia, kemikali za kiwandani huutia wekundu wa ini, na sumu inayoua chembe hai huutia zambarau. Wataalamu wana jina lake refu. Watu wa Lusungo wanauita shahidi, basi.

Rangi hukolea kadiri unavyokaribia ilikotoka. Unapandisha mfereji ukiangalia kingo, unakunja kichochoro, na mwisho unafika kwenye nyumba ya mtu, pale bomba lake la uchafu linapomwaga. Hapo pana kigae kilichoota shahidi, ukubwa wa sahani, na kila nyumba ina chake. Watu wanakiita mlango. Mwezi ambao mfereji mkubwa una rangi, mtaa mzima unaifuata rangi hiyo tu. Mwezi ambao hauna, wanasoma milango yote, nyumba kwa nyumba.

Rangi ya siku ile iliishia kwa Ng'ahala, fundi betri. Oresta aliinama, akakitazama kigae, akanyooka.

"Kahawia," alisema kwa sauti ya kusikika.

"Tumeona," watu wakaitikia.

Ndivyo Mapatano ya Mto yalivyotaka. Mwenyekiti anataja rangi, wananchi wanasema wameona, na baada ya hapo hakuna wa kudai kwamba hakuwapo. Lutufyo akasoma amri ya Jiji: maji ya nyumba hii yamekatwa, bomba lake linazibwa leo, na waliomo wanahamia Kikavu. Kikavu ni mgongo wa kilima ng'ambo ya barabara kuu, ambako Jiji humpa mtu kiwanja kisicho na mto wa kuchafua wala wa kunywa. Maji huletwa na gari, siku gari likikumbuka.

Kisha ikaja sehemu ya wananchi. Jiji linatoa amri, wananchi wanatoa mikono. Hapo ndipo Lusungo inapojisifia kwa majiji mengine. Kila mtu mzima wa mtaa anachota konzi moja ya udongo wa mfinyanzi na kuitia kwenye bomba la jirani yake, na mwenyekiti ndiye wa kwanza. Hakuna anayeruhusiwa kujifanya ana mgonjwa hospitalini.

"Mama Mwenyekiti, kile chombo kilipasuka chenyewe," Ng'ahala alisema. Nyuma yake mkewe alikuwa anashusha pazia. "Sikumwaga. Wewe unanijua."

"Nakujua, Ng'ahala," Oresta akasema. "Ila mto hauna sababu maalumu."

Akatia konzi yake, akaikandamiza kwa kiganja, akapisha wengine. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na watu waliuona usivyotetemeka wakamheshimu zaidi.

Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Mapatano ya kwanza, yale yaliyotungwa Oresta akiwa bado msichana, yalikufa kwa ajili ya maneno mawili tu: sababu maalumu. Kiwanda cha ngozi kule juu kilikuwa na sababu maalumu, maana kiliajiri. Hoteli ilikuwa na yake, maana ilileta wageni. Kila mkubwa alikuja na yake, na maskini aliyebaki bila sababu ndiye aliyezibwa. Mto ukawa mweusi, ukanuka, ukaua. Mapatano mapya yalipoletwa mbele ya wananchi, Oresta alisimama mkutanoni akataka mstari wa sababu maalumu ufutwe, wote, bila kubakiza herufi. Ukumbi ulipiga makofi mpaka bati likaitikia. Baadaye Jiji likachapisha fulana za kijani zilizoandikwa kifuani kwamba mto hauna sababu maalumu, na mpaka leo hakuna Jumamosi ya usafi isiyo na fulana hizo.

Udongo ulipokwisha kuingia, watu walinawa mikono wakaenda kunywa uji.

*

Uji ulikuwa wa Leokadia. Alikuwa mjane wa Yordan, mdogo wake Oresta, na tangu Mapatano yaanze yeye ndiye aliyepikia mtaa kila Jumamosi ya usafi, uani kwake, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mzito wa tangawizi. Siku ile alimgawia kila mtu, akamtania Lutufyo kwamba shati lake litamkimbiza mchumba, halafu akamwita Oresta.

"Wifi, njoo unishikie sufuria huku nyuma."

Huku nyuma hapakuwa na sufuria. Palikuwa na beseni la plastiki lililofunikwa juu ya kigae, palepale bomba linapotokea. Leokadia aliliinua. Katikati ya kijani palikuwa na doa la zambarau, dogo kama kifuniko cha soda.

Oresta alilitazama kwa muda. Zambarau haikuwa imeonekana Mfumbi tangu Mapatano yaanze.

"Umemwaga nini, Leokadia?"

"Nimekojoa," Leokadia akasema. "Na usinitazame hivyo, sote tunakojoa."

Kisha akaeleza. Zile dawa za saratani ya damu alizoanza kumeza hazibaki zote mwilini. Zinapita, zinatoka, na zinatoka na nguvu zake. Daktari alikuwa amemwambia, naye akadhani daktari anamtania.

"Nimekuwa kiwanda, wifi. Tena kisicho na mlinzi getini."

Alicheka peke yake. Oresta hakucheka. Alikuwa anahesabu njia, na kila aliyoifikia aliikuta imezibwa, na aliyeiziba ni yeye. Kukojolea ndoo na kuitoa nje? Mapatano yalikataza kutoa uchafu nyumbani kwa chombo chochote, maana mwanzoni watu walikuwa wakibeba ndoo zao wakimwaga milangoni kwa wenzao. Kifungu hicho alikipigania Oresta. Kuchimba shimo? Mfumbi ni bondeni, ukichimba mkono mmoja umekutana na maji, na kinachozikwa leo kesho kinatokeza kwenye kigae. Hospitali ilikuwa na tangi la kuua sumu ya dawa hizo, lakini ni la waliolazwa, na vitanda havitoshi. La wagonjwa wa kutoka nyumbani liliahidiwa na Jiji ndani ya Mapatano yenyewe. Wananchi walikuwa wametimiza kila kifungu chao. Tangi lilikuwa bado linakuja.

"Bado haijafika mfereji mkubwa," Oresta akasema mwishowe.

"Bado. Ila Jumamosi ijayo ya usafi mtasoma milango."

"Tutasoma."

"Basi ndiyo maana nimekuita kushika sufuria," Leokadia akasema, akarudisha beseni mahali pake.

Jambo lililomchoma Oresta, akirudi uani kwenye kelele za watu, ni hili. Ugonjwa ule Leokadia hakuuokota barabarani. Yeye na Yordan walikunywa mto ule miaka ulipokuwa mweusi, kama wote wa bondeni walivyokunywa. Yordan alikufa nao. Leokadia alibaki akiwa ameubeba kwenye damu, na sasa mto umepona na unamwona yeye ndiye sumu. Oresta aliona hapo pana uonevu mkubwa ambao hana pa kuushtakia, kwa sababu mashtaka yote ya Mfumbi huishia mezani kwake.

*

Ofisi ya Lutufyo ilikuwa ghorofani, na dirishani ulionekana mto mzima, kijani kingo kwa kingo, mpaka kiwanda cha ngozi kule juu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu Mapatano. Mageti yake yalikuwa na kufuli ambalo Oresta mwenyewe alishuhudia likifungwa.

"Mdogo wangu," alianza, "tuseme kuna mtu."

Lutufyo aliweka kalamu chini. "Tuseme."

"Mtu huyu hajamwaga kitu. Anaumwa. Anachokunywa ili aishi ndicho kinachotia rangi. Mapatano yanasemaje?"

"Mama Mwenyekiti, unaniuliza mimi Mapatano yanasemaje? Mimi nilikuwa mwanafunzi nimekaa nyuma ya ukumbi siku ile. Niliumiza viganja kwa kukupigia makofi."

Kijana hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililouma.

"Yanaweza kubadilishwa," Oresta akasema. "Mstari mmoja. Wagonjwa tu."

Lutufyo alisimama, akaenda dirishani, akaelekeza kidole kwenye mageti ya kiwanda. "Wale wana wanasheria wanaokula kwa kusubiri. Maombi yao yako tayari, yamekaa mapokezi ya Jiji tangu mwaka juzi. Hawaombi kufunguliwa. Wanaomba jambo moja dogo: kwamba siku mtu yeyote atakapopewa sababu maalumu, hata mmoja, na wao wasikilizwe. Na kwa sheria ilivyo, watasikilizwa. Mgonjwa wako ataingia mlango wa mbele na wao wataingia nyuma yake wakiwa wamemshika shati."

"Na tangi?"

"Tangi liko kwenye mpango."

"Mpango wa lini?"

"Mimi sipangi, mama. Mimi napeleka." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo kuliko shati lake. "Nimelipeleka kila kikao. Wananiambia bonde ni kijani, sasa haraka ya nini? Mnavyofanya vizuri ninyi ndivyo wao wanavyoona hakuna la kufanya."

Oresta alifungua mdomo ataje jina. Lutufyo akainua mkono.

"Usiniambie jina. Ukinitajia, kiapo changu kinanilazimisha nije na udongo kesho asubuhi. Usiponitajia, nitakuja Jumamosi pamoja na watu wengine, na nitaona kitakachoonekana."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sijui," Lutufyo akasema. "Ningejua ningekuwa nimeshakifanya."

Alimsindikiza mpaka ngazini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayetoa pole msibani. Oresta alishuka akimchukia kidogo kwa wema ule, maana wema usiofungua hata bomba moja alikuwa nao yeye mwenyewe wa kutosha.

*

Rangi changa hufutika ndani ya wiki moja, chanzo kikikoma. Hilo Oresta alilijua kabla hajafika kwa afisa yeyote, na alikuwa amelizunguka siku zote kama mtu anayezunguka shimo la choo gizani. Wiki moja kabla ya Jumamosi ya usafi aliingia uani kwa wifi yake akamkuta ameketi kwenye kigoda anamenya njegere.

Alivuta kigoda kingine, akaanza kumenya naye.

"Leokadia, zile dawa. Ungeziacha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka Jumamosi ipite. Wiki moja tu. Milango isomwe, watu waende zao, halafu unaendelea. Mimi huku nitakuwa natafuta njia."

Leokadia aliendelea kumenya. Njegere zilikuwa zinadondoka kwenye bakuli moja baada ya nyingine, na Oresta alitamani moja ianguke nje ili apate sababu ya kuinama.

"Daktari alisema hizi hazirukwi," Leokadia akasema.

"Wiki moja haimuui mtu."

"Umemuuliza daktari?"

"Nakuuliza wewe."

"Aa." Leokadia aliinua uso akamtazama wifi yake, si kwa hasira. Alimtazama kwa udadisi, kama anayemsikia mtu akiimba sauti ambayo si yake. "Wewe wa konzi ya kwanza. Wewe uliyemziba Ng'ahala na mkewe anashusha mapazia. Leo unaniomba nikufichie rangi."

"Sifichi. Rangi haitakuwapo."

"Kaka yangu Yordan angekuwa hai..." Alikuwa na mazoea ya kumwita marehemu mumewe kaka akitaka kumchokoza Oresta. "Angekuchapa na huu mwiko."

"Angenichapa," Oresta akakubali.

"Haya. Sitaki kwenda Kikavu. Nyumba hii tuliijenga tukiwa tumekunja suruali mpaka magotini, udongo wote tulikanyaga kwa miguu. Nitaziacha."

Oresta akapumua. Na alipopumua akaona aibu, maana alikuwa amejiandaa kubishana kwa saa nzima, tena alitarajia kushindwa. Alikuwa amekuja na ombi ambalo ndani ya moyo alitaka likataliwe, na likakubaliwa kirahisi kama chumvi inayoombwa kwa jirani.

*

Jumamosi ilipita. Mfereji mkubwa haukuwa na rangi, milango ikasomwa yote, na kwa Leokadia kigae kilikuwa kijani kilichopauka kidogo. "Kijani," Oresta akasema, "tumeona," wakasema, na uji ukanywewa.

Baada ya siku chache Leokadia alimfuata kwenye ofisi ya mtaa, kanga imefungwa vizuri, akiwa mchangamfu. Alisema daktari amembadilishia. Kuna dawa mpya, haitii rangi, anaimeza tangu juzi.

Oresta alimshukuru Mungu harakaharaka, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajauliza kitu. Hakuuliza dawa inaitwaje. Hakuomba kuona pakiti. Miezi iliyofuata, wifi yake alipoanza kupungua, mashavu yakaingia ndani na pete ya ndoa ikahamia kidole gumba, Oresta alijiambia dawa kali ndivyo zilivyo. Alimpelekea maziwa, parachichi, maini ya ng'ombe. Alimpelekea kila kitu isipokuwa swali.

Mto nao ulinawiri. Samaki wadogo walionekana chini ya daraja, watu wakaenda kuwatazama na watoto wao wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mwezi baada ya mwezi Mfumbi ilisoma milango bila rangi hata moja, na ikatangazwa kwamba bendera ya Jiji itakuja kutundikwa bondeni. Oresta alipongezwa sokoni, msikitini na kanisani. Aliitikia pongezi zote, na usiku alilala chali akisikiliza mfereji unavyopita.

*

Asubuhi ya bendera Lutufyo alifika mapema kuliko wakubwa zake, amevaa suti.

"Mama Mwenyekiti, nikuambie kabla hujalisikia kwenye kipaza sauti," alisema. "Leo watatangaza sanamu. Samaki wa shaba, mkubwa, pale kwenye mzunguko wa barabara, kwa heshima ya wananchi wa Mfumbi."

"Sanamu."

"Fedha za tangi zimehamishiwa huko. Wamesema tangi halina dharura, hakuna mlango wenye zambarau jiji zima." Alitazama viatu vyake. "Nilipinga. Imeandikwa kwamba nilipinga."

Oresta aliona heri asikasirike siku ya sherehe. "Bora basi siku hizi kuna ile dawa mpya," akasema, "ile ya damu, isiyotia rangi. Wagonjwa wangeteseka."

Lutufyo alikunja uso. "Dawa ipi?"

"Ile mpya."

"Mama, taarifa za hospitali zinapita mezani kwangu kila mwezi. Dawa ya ugonjwa ule ni ileile. Hakuna nyingine. Kila anayeimeza, mlango wake unapiga zambarau, na kama haupigi..."

Hakumaliza. Alimtazama Oresta, na Oresta akaona jinsi kijana alivyofika alipofika yeye, kwa hatua zilezile.

"Usiniambie jina," Lutufyo akasema tena. Safari hii alikuwa anasihi.

Watu walikuwa wameshajaa. Ngoma ilikuwa inapigwa, wakubwa wa Jiji walikuwa wamekaa chini ya turubai, na desturi ilitaka milango isomwe kwanza, yote, mbele yao, ndipo bendera ipande. Oresta akaanza. Kijani, tumeona. Kijani, tumeona. Alisoma akiwa hasikii sauti yake, akipita pia kwenye nyumba ya Ng'ahala ambayo sasa ilikuwa na wapangaji wengine na mapazia mengine, mpaka akafika kwa Leokadia.

Leokadia alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya kigae. Masufuria yalikuwa yanakorogwa na wanawake wengine. Yeye siku hizo alikuwa anaonja tu na kuamuru tangawizi. Alikuwa amevaa fulana ya kijani yenye maneno ya Oresta kifuani, na fulana ilimpwaya hata maneno yakaingia kwenye mikunjo.

Oresta aliinama. Kigae hakikuwa na doa. Kilikuwa kijani kibichi, kinene, kinachong'aa, kizuri kuliko vyote alivyosoma asubuhi ile. Alikichukia. Hajawahi kuchukia kitu duniani kama alivyochukia kijani kile.

"Hakuna dawa mpya," alisema kwa sauti ya chini.

"Soma mlango, wifi. Watu wamesimama."

"Nilikuomba wiki moja."

"Nami nilikupa. Nikazirudia, doa likarudi, nikaona Jumamosi nyingine hiyo inakuja." Leokadia alikuwa anazungumza polepole, akivuta pumzi katikati. "Kila mwezi una Jumamosi yake, Oresta. Hukuliona hilo?"

Hakuliona. Au aliliona akaliacha lipite. Mpaka leo, ukimuuliza, hatakuambia lipi kati ya hayo.

"Nitawaambia," Oresta akasema. "Sasa hivi, hapahapa, mbele ya turubai lao. Nitasema kijani hiki kimetoka wapi."

"Sema. Wanizibe, nikafie Kikavu nikisubiri gari la maji, au wanihurumie, na wale wa ngozi wafungue geti siku ya arobaini yangu. Damu imeshaharibika, wifi, daktari amenyoosha mikono. Nimebakiwa na kitanda changu na kaka yangu Yordan ukutani. Usininyang'anye na hivyo."

Nyuma yao watu walianza kukohoa. Lutufyo alikuwa amesimama na karatasi yake, macho kwenye mto, anatazama samaki au hatazami kitu. Oresta alinyooka. Alifikiri juu ya mto, na maji ambayo watoto walikuwa wanayanywa bila kuchemsha. Alifikiri juu ya kufuli la kiwanda. Na alifikiri pia, Mungu amsamehe, juu ya jina lake, na fulana, na jinsi watu watakavyomtazama wakijua mwenyekiti wao wa konzi ya kwanza alikwenda kumenya njegere kwa mgonjwa ili amwombe afe taratibu. Hakuweza kujua ni fikra ipi iliyoufungua mdomo wake. Angetoa chochote ajue ni ile ya mto.

"Kijani," alisema.

"Tumeona," mtaa mzima ukaitikia, na wakubwa chini ya turubai wakapiga makofi.

Sauti moja ilichelewa. Ilitoka chini, kwenye kigoda, ikiwa na pumzi katikati yake.

"Tumeona," Leokadia akasema.